Mwamba Ambao Haukuwa Kwenye Ramani

Kwetu Sevilla, hakuna anayepewa cheti cha urubani wa merikebu za kuvuka bahari mpaka apigiwe kura. Wenye vyeti wanamhoji, kisha kila mmoja anatumbukiza mbegu mtungini: njegere ni ndiyo, harage ni hapana. Mbegu zilitoka jikoni kwangu, maana mimi Aldonza ndiye niliyefagia chumba kile na kubeba mtungi. Marubani wanajisikia sana. Ukishika ufagio hawakuoni.

Siku ile aliyehojiwa ni shemeji yangu Tello, mdogo wa marehemu mume wangu. Ginés wangu alizama miaka sita kabla, na watu arobaini, kati ya Havana na Veracruz, mahali ambapo ramani kuu ya mfalme ilionyesha maji matupu. Tello alinusurika kwa kung'ang'ania pipa. Tangu hapo alitaka jambo moja tu, mwamba uliowapasulia merikebu uandikwe kwenye ramani, na neno la mtu asiye na cheti haliandikwi.

Asubuhi nilimwambia, "Shemeji, wajibu kama ramani inavyosema. Chukua cheti, ya mwamba utayasema baadaye."

"Wataniapisha kwamba ramani ni ya kweli. Nikishaapa, baadaye ipi tena?"

"Mbishi kama kaka yako!"

"Asante," akasema, akavaa kofia.

Mchora ramani mwenyewe, Bwana Burgueño, ndiye aliyeuliza swali la mwisho. "Toa merikebu Havana, uifikishe Veracruz."

Kidole cha Tello kikaenda vizuri, kisha kikakunja kona.

"Mbona unazunguka kama mlevi anayemkwepa mkewe?" Watu wakacheka.

"Hapa pana mwamba, bwana."

"Ramani hii nimeichora mimi. Siuoni."

"Hata kaka yangu hakuuona."

Kicheko kikakatika. Mimi nilishika ufagio kwa mikono miwili, hofu na fahari vikipigana kifuani mwangu. Burgueño akawageukia wenzake. "Nani mwingine ameuona mwamba huo?" Wote wakatazama viatu vyao. Niliwachukia, kila mmoja na kiatu chake.

Nikapitisha mtungi. Walipiga kura kumi na wawili, Burgueño akiwemo. Nilipoumimina mezani nilijua nimekwisha kumpoteza na huyu. Ikaanguka njegere. Njegere nyingine. Nikahesabu mara mbili: njegere kumi na moja, na harage moja.

"Maana yake nini hii?" Burgueño akafoka.

Rubani mnene aitwaye Carrasco akakohoa. "Maana yake sote tunazunguka pale, bwana. Mimi huu mwaka wa tisa."

"Na hukusema?"

"Nilishaapa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa maradhi yao yalimuua mwingine. Nikasahau kwamba mimi ni mfagiaji. "Mwaka wa tisa, Carrasco? Mume wangu ana miaka sita chini ya maji!"

Carrasco akavua kofia. Mmoja mmoja, na wengine wakavua.

Tello alipokea cheti, hakuna aliyethubutu kumwapisha, na hata wino haujakauka akakiweka juu ya ramani. "Sasa mimi ni rubani. Naripoti mwamba. Andika."

Burgueño akatazama nyuso kumi na moja, hakuona pa kukimbilia. Akachovya kalamu. "Mwamba wenyewe unaitwaje?" akauliza kwa shida.

Tello akaniangalia mimi.

"Ginés," nikasema. "Na uandike kwa herufi kubwa, macho ya watu hapa ni mabovu."

Njegere zile nilizipika jioni ileile na nyama ya nguruwe, Tello akala sahani tatu. Harage nilimwachia Burgueño mezani kwake.

Mwezi uliofuata merikebu thelathini zilishuka mtoni kwenda baharini, kila moja na nakala mpya ya ramani. Nilisimama ukingoni, mtaa wa Triana, nikazipungia zote. Tangu siku ile, awe rubani mnene au mwembamba, akifika pale ni lazima ampishe mume wangu.