Dakika Sita Baada ya Saa Kumi na Mbili

Karatasi ile ilibandikwa kwenye mlango wa friji nyumbani kwa Josaphat, huko Malvern, ughaibuni kwenye baridi. Kanisa liliitoa kila mwaka. Ilionyesha jua la Ijumaa linazama saa ngapi, Sabato ianze, na jua la Jumamosi linazama saa ngapi, Sabato iishe. Josaphat alikuwa mzee wa kanisa, na kwa ajili ya karatasi hiyo alikwisha kupoteza kazi mbili za ghala kule Markham. Hakuwahi kujuta.

Mwaka huu binti yake Joyeuse aliingia katika timu ya chuo. Ni futiboli ile ya mpira wenye umbo la yai, ila ya wasichana, na hawaangushani. Kila mchezaji huvaa vitambaa viwili kiunoni. Mwenye mpira akinyofolewa kimoja, amekamatwa. Chuoni mchezo huo ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Jezi zilikuwa za kuazima, mistari ya uwanja ilichorwa juu ya mistari ya mchezo mwingine, na wasichana walikuwa saba tu. Mkuu wa michezo alisema wazi: timu isipofika nusu fainali, mwakani haitakuwapo.

Na mechi zote zilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni.

"Mama anafanya kazi Sabato," Joyeuse alijaribu.

"Mama yako anawageuza wazee wagonjwa kitandani," Josaphat alijibu. "Wewe unamgeuza nani?"

Msichana alicheka, wakapatana. Jua likizama, atacheza. Kila Jumamosi walitoka kanisani, wakala sombe ya majani ya muhogo waliyoipika Ijumaa, wakaenda kukaa ndani ya gari nje ya uwanja, Joyeuse amevaa jezi chini ya koti. Josaphat aliegesha gari likitazama ukuta, wasije wakatazama mchezo. Waliimba nyimbo za Sabato, na filimbi ya mwamuzi ikawa inaingilia katikati ya beti.

Jua la Septemba huku halina haraka. Mechi mbili za kwanza walizisikia tu, na timu ikafungwa zote mbili. Ya tatu Joyeuse aliingia zikiwa zimebaki dakika saba. Kisha Oktoba ikafika, na kila wiki jua likawa linawasogelea: wiki hii dakika ishirini za kucheza, wiki ile nusu saa. Yule mtoto alikuwa na miguu. Walimrushia mpira, akauchukua, na mikono ya wapinzani ikabaki inashika hewa. Walishinda mara moja, wakashinda tena.

Kocha wao, Shabnam, alikuwa Mwismaili aliyelelewa na bibi kutoka Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi. "Baba Joyeuse," alimwambia siku moja, "makocha wenzangu wanaomba mvua isinyeshe. Mimi peke yangu naomba giza."

Ikabaki mechi moja, ya tarehe mosi Novemba. Wakishinda, wataingia nusu fainali Jumamosi inayofuata, na kabla ya hiyo saa za nchi nzima zitakuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Jua litazama kabla ya saa kumi na moja. Kwa mara ya kwanza Joyeuse angecheza mechi nzima. Alikuwa ameizungushia tarehe hiyo duara la wino mwekundu pale kwenye friji. Na hii ya tarehe mosi, karatasi ilisema jua linazama saa kumi na mbili na dakika sita. Angekosa dakika sita tu.

Jumatano ikaja habari kwamba uwanja umekodishwa kwa watu wengine jioni ile. Mechi, ambayo ni ya saa moja hivi, ingeanza saa kumi na moja.

Josaphat alifunga kula siku mbili. Hakujua amwombe Mungu nini hasa. Yoshua aliomba jua lisimame, nalo likasimama, imeandikwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu aliomba jua liharakishe.

Jumamosi mawingu yalishuka tangu mchana. Ilipofika saa kumi na moja, taa za uwanja zilikuwa zimewashwa na mvua nyembamba inaanguka. Walikaa garini. Wakati wa mapumziko Shabnam alikuja mbio, akagonga kioo.

"Tuko nyuma pointi sita. Sahar ameteguka mguu. Nimebaki na watano, na wote hoi." Aliangalia juu. "Jua lenyewe liko wapi, mzee wangu? Mimi silioni."

"Liko nyuma ya wingu," Josaphat alisema.

"Basi lisamehe, lilale."

Shabnam alimtazama Joyeuse, akamgusa bega kupitia dirishani, akarudi uwanjani.

Kelele zilipanda, zikashuka. Saa ya gari ilionyesha dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Josaphat aliona mikono ya binti yake imekunjwa mapajani, imetulia kabisa, na utulivu huo ulimuumiza kuliko machozi.

"Nenda," alisema.

"Bado, Papa. Dakika kumi na moja."

"Nimekuambia nenda. Nje ni giza."

"Karatasi ni ile ile."

"Dhambi itakuwa yangu. Nitaibeba mimi."

Joyeuse aligeuka kumtazama, bila hasira, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi aliyesahau somo. "Haibebwi hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Josaphat alifungua mlango wa upande wa binti yake kwa kunyoosha mkono. Baridi ikaingia. Joyeuse aliuvuta, akaufunga taratibu, akaanza wimbo wa kufungia Sabato. Baba yake hakuweza kuufuata. Alikuwa amemfundisha wimbo huo akiwa na miaka minne, na sasa hakuwa na neno la kumwambia ambalo hakumpa yeye mwenyewe.

Saa kumi na mbili na dakika mbili, filimbi ndefu ililia. Upande wa wageni ndio walioshangilia.

Walingoja dakika nne zilizobaki. Zilipotimia Joyeuse aliomba sala ya kufunga, fupi, kama kila wiki, akavua koti, akakimbia uwanjani katika mvua kuwasaidia wenzake kukusanya vitambaa.

Josaphat alibaki na ukuta. Alijua anapaswa kushukuru kwa ajili ya mtoto kama yule. Aliinamisha kichwa juu ya usukani. Mara tatu alianza, "Baba yetu, asante," na mara tatu akakwama hapo hapo.