Maadui Kumi na Mmoja wa Teppei

Bwana Kusunoki alinitupia karatasi mezani kwa kishindo hata chai ikamwagika, nami nikajua kabla sijaitazama kwamba mambo yameharibika.

"Hebu niambie hiki ni nini."

Ilikuwa picha iliyochapwa kutoka ukurasa wa mtandao wa mwanafunzi mmoja wa Sendai, mmoja wa wale vijana wanaonunua mchezo wa kompyuta na badala ya kuucheza wanaupasua tumbo. Ndani ya diski ya mchezo wetu alikuwa amekuta maadui kumi na mmoja ambao mchezaji hakutani nao popote, hata acheze miaka kumi. Chini ya kila adui aliandika tarehe na saa ambayo faili lake lilihifadhiwa mara ya mwisho.

"Maadui wa Teppei," nikasema.

"Najua ni wa Teppei! Nilikuambia uwafute. Ukanijibu nini?"

"Tayari, Mkuu."

Nilidanganya, ndiyo, na mtu yeyote wa kazi yetu angedanganya vilevile. Diski ilikuwa iende kiwandani baada ya siku tatu. Ukiondoa faili moja, yote yanayofuata yanasogea, na mchezo uliojaribiwa wiki sita unaanza kukwama mahali ambapo hakuna aliyewahi kupafikiria. Kwa hiyo hatufuti. Tunakata njia tu: adui anabaki ndani, ila hakuna mlango unaomfikisha kwa mchezaji. Mimi ndiye niliyewakatia njia maadui wale, wiki moja baada ya mazishi ya Teppei, na hata kulia sikulia, maana nafasi ya kulia haikuwepo.

Teppei Nagase alikuwa mchoraji wetu. Alianguka mezani kwake Februari ya mwaka tisini na nane, moyo, akiwa na miaka ishirini na saba. Mama yake, mjane anayelima machungwa kule Wakayama, aliiomba ofisi ya kazi ya serikali itambue kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Kampuni ikapeleka kadi za mahudhurio: kila siku Teppei ametoka saa moja usiku, bila kukosa. Ombi likakataliwa. Sasa, miaka miwili baadaye, mwanafunzi wa Sendai alikuwa ameanika saa nyingine kabisa bila kujua anachokifanya. Saa tisa usiku. Saa kumi na robo alfajiri, tena Jumapili. Wakili wa mama akaziona. Rufaa ilikuwa inasikilizwa siku hiyohiyo, saa nane mchana, na mimi nilikuwa nimeitwa shahidi.

"Utasema saa za kompyuta zile zilikuwa mbovu," Kusunoki akasema. "Leo zinawahi, kesho zinachelewa. Nani atabisha?"

"Mkuu, hazikuwa mbovu."

"Orie." Akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu huyu bwana akipiga kelele hana madhara. "Zile kadi zilipigwa na mkono wa nani?"

Mkono wangu. Nilikuwa mwanamke pekee chumbani na wa chini kuliko wote, kwa hiyo kazi zisizo na mwenyewe zilikuwa zangu: chai, simu, kadi. Kila saa moja usiku nilisimama mbele ya mashine ya mahudhurio nikazipiga kadi za watu kumi na wanne muhuri wa saa ya kutoka, moja baada ya nyingine, kisha sote tukaendelea na kazi. Ndivyo nilivyoagizwa, na sikuuliza. Teppei alikuwa akipayuka, "Dada Orie, ngoja kwanza nimalize tambi zangu! Ukishaipiga hiyo mimi ni mzimu!" Tunacheka. Mama yake akipiga simu saa mbili, nilijibu kama nilivyofundishwa: ameshatoka, mama. Teppei alinipungia mkono kunishukuru, maana kazi ilikuwa imemzidi. Nakichukia kicheko kile mpaka leo.

"Ukifungua mdomo, wa kwanza kuumia ni wewe," Kusunoki akasema. "Mimi nitasema sikujua lolote. Haya, kunywa chai yako."

Tulikwenda kwa gari moja.

Chumba cha rufaa kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na televisheni. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na kalamu isiyotulia. Mama Nagase alikaa upande wa pili, mfuko wa machungwa miguuni. Aliponiona aliinama kwa heshima, vilevile alivyoinama msibani aliponishukuru kwa kuzipokea simu zake kila mara kwa upole. Nilitamani sakafu inimeze.

Wakili aliweka mkanda wa video aliotumiwa na yule mwanafunzi. Adui wa kumi na moja akatokea: mtu mwembamba, tai imelegea. Anatembea hatua nne, anajikuna kisogo, anakaa chini, analala. Basi. Teppei hakuwahi kufika mahali pa kumfundisha kushambulia. Faili lilihifadhiwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri, siku ileile aliyoanguka.

"Huyo ni yeye," mama akasema. "Ndivyo anavyojikuna."

Kusunoki akasafisha koo, akaeleza habari za saa mbovu. Alieleza vizuri. Kama nisingekuwa najua, ningemwamini. Ofisa akanigeukia.

"Bi Hirabayashi, saa ya kompyuta ya marehemu ilikuwa sahihi?"

Neno "sikumbuki" lilikuwa tayari ulimini. Kwa neno hilo ningerudi mezani kwangu, mshahara wangu palepale, jina langu safi. Kusunoki hakunitazama, alitazama kalamu.

"Ilikuwa sahihi."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu nilikuwepo naiona. Kadi ndizo zinazosema uongo. Mimi ndiye niliyezipiga, zote, kila siku saa moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka."

"Huyu amechanganyikiwa!" Kusunoki akaruka. "Tangu kijana afe hayuko sawa!"

"Bwana, zamu yako imepita," ofisa akasema, na kalamu ikaendelea kuandika. Iliandika muda mrefu. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi hata kidogo, ila hofu ilikuwa imeniishia.

Mama Nagase akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani. Mwanangu, zile simu zangu za saa mbili."

"Ndiyo, mama."

"Uliponiambia ameshatoka, alikuwa wapi?"

"Mezani kwake, mama. Meza ya pili kutoka kwenye simu."

Alitikisa kichwa polepole. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Nyumbani kwake napo nilikuwa napiga, haipokelewi," akasema. "Basi nikawa nafurahi. Nikajua amepata mchumba, anaona haya kuniambia." Akauvuta mfuko wa machungwa karibu na miguu yake. "Kimono cha harusi cha huyo binti nimeshakishona. Kiko sandukuni."