Rangi Iliyotoka Chemchemi ya Enzi

Nchi ya Mchuruzo ililala chali, kichwa mlimani na miguu bondeni. Kichwani waliishi Wajuu, ukoo wa watawala wenye majumba yaliyong'aa kama meno ya dhahabu, wakinywa maji ya Chemchemi ya Enzi, ambayo ilizungushiwa ukuta na askari ili hata pumzi ya kabwela isiyaguse maji yale. Miguuni waliishi Wabonde, waliokunywa ya visima na kuambiwa washukuru. Nyuma ya mlima palikuwa na shimo lisilojulikana mwisho, liitwalo Kimeza, na humo viwanda vya ngozi vya Wajuu vilimwaga mapipa ya dawa zenye sumu kila wiki, kwa amri ya Mtukufu Jabali, aliyependa kusema kwamba ardhi haitapiki.

Mwalimu Mwanasiti wa shule ya bondeni hakuwa na hakika. Kwa miaka mingi alihofu kwamba uchafu ule ungeibukia visimani mwa Wabonde. Basi alipofika kwenye somo la mito, alifunga kitabu akawatoa wanafunzi nje.

"Maji yana njia chini ya ardhi, kama damu mwilini," aliwaambia.

"Tutazionaje, mwalimu?" aliuliza Mkawasi, msichana wa darasa la sita.

"Tutayatia rangi."

Walichemsha maua ya rosela siku mbili hadi maji yake yakawa mazito na mekundu sana, wakayabeba kwa ndoo hadi Kimeza, wakayamwaga. Kisha walijigawa visimani, kila kundi na bakuli jeupe, wakawa wanateka na kuchungulia kila saa. Siku ya kwanza, hola. Siku ya pili, hola. Siku ya tatu, mchana, Mkawasi alikuja mbio na bakuli lake likimwagika.

"Hakuna kitu, mwalimu! Visima vyote ni safi!"

Mwanasiti alishusha pumzi, akacheka kwa furaha, hata akamkumbatia. Kabla hajamwachia, askari wakaingia uani, wakamfunga mikono mbele ya wanafunzi wake na kumpandisha mlimani bila kumwambia kosa.

Walimsimamisha katika ukumbi wa chakula. Meza ilikuwa imeandaliwa, wageni wameketi, lakini hakuna aliyekula. Katika kila bilauri maji yalikuwa mekundu. Mwishoni mwa meza, mjukuu wa Mtukufu, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameshakunywa yake, midomo imemwiva. Katika hofu zake zote za miaka yote, Mwanasiti hakuwahi kuufikiria mdomo ule.

"Umetutilia sumu," alisema Jabali kwa sauti iliyokauka. "Askari waliwaona mkipita na ndoo za rangi nyekundu."

"Ni rosela, Mtukufu. Haimdhuru mtu. Tuliimwaga Kimeza, tujue maji yake yanakwenda wapi."

"Kimeza?"

Msimamizi wa viwanda aliinamisha uso juu ya sahani yake. Bibi mmoja alianza kutemea kitambaa, akatema tena, na tena, kama anayetaka kuitoa miaka yote aliyokunywa.

"Tangu lini?" aliuliza Jabali.

"Tangu pipa la kwanza, Mtukufu," alijibu Mwanasiti. "Leo yamepata rangi tu."

Jabali alijipangusa ulimi kwa kiganja, mbele ya wageni. "Maji!" alifoka. "Nileteeni maji nisukutue!"

Mtumishi alinyakua birika, akakimbia hadi mlangoni, akasita kizingitini, akageuka.

"Ya wapi, Mtukufu?"

Yule mtoto alikuwa amenyoosha mkono kuivuta bilauri ya jirani.

"Mwondoleeni!" alipiga kelele Mwanasiti, akijivutavuta ndani ya kamba. "Jamani, mwondoleeni mtoto!"

Askari walimtazama Mtukufu, wakingoja amri. Mtukufu alikuwa akimtazama mwalimu.