Kona Iliyogoma ya Bwawa la Rosaire

Turubai la bwawa la Rosaire lilitoboka mahali pabaya, chini kabisa kwenye kina kirefu, na maji yakawa yanapungua upana wa kiganja kila siku. Mwaka uliotangulia alilibandika viraka vitatu akiwa ndani ya maji, miwani ya kuogelea usoni, na kila alipoibuka alitangaza ushindi. Barafu ilipoyeyuka na kifuniko kikaondolewa, viraka vyote vitatu vilikuwa vinaelea juu kama majani ya chai.

"Basi, tuite mafundi," alisema Ghislaine, mkewe.

"Mafundi wa nini?" Rosaire aliuliza kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Bwawa hili nililichimba kwa mikono hii. Turubai nitalivalisha mwenyewe."

Ghislaine alikuwa amekaa kwenye cherehani miaka thelathini na mmoja, akiwashonea nusu ya watu wa mji wao wa Joliette mapazia na vitambaa vya makochi. Machoni pake turubai la bwawa lilikuwa nguo tu, nguo kubwa ya bluu ya kuvishwa shimo. Kwa hiyo hakuogopa koleo la mumewe, wala nyundo yake. Aliogopa tepu yake ya kupimia.

Rosaire alipima Jumamosi, peke yake, ncha ya tepu ameikandamiza kwa tofali. Ghislaine alimtazama kutoka dirisha la jikoni. Mzee alienda, akarudi, akajikwaa kwenye lile tofali, akalilaani kwa majina yote ya vyombo vya kanisani kama wafanyavyo wazee wa huko, kisha akaandika nambari mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme. Baadaye alizinakili kwenye fomu ya duka la mabwawa, akaituma, akajifungulia bia.

Jumatatu Rosaire alienda kunyolewa nywele. Ghislaine hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anafuta meza, na nakala ya fomu ilikuwa juu ya meza. Akaisoma akiwa amesimama. Urefu, sawa. Kina, sawa. Upana: futi sitini na moja.

Bwawa lao lilikuwa na upana wa futi kumi na sita. La futi sitini na moja lingeanzia mlango wa jikoni, likapita kwenye ua wa mierezi, likameza nyumba ya jirani yao Huguette pamoja na paka wake. Ghislaine alicheka peke yake mpaka akashika meza asianguke. Kisha akapiga simu dukani kusahihisha.

"Tulishangaa, mama," alisema binti aliyepokea. "Nilikuwa nataka kuwapigia leo hii."

Hapo ndipo alipopaswa kukata simu. Lakini jicho lake lilikuwa limekwisha teremka kwenye mistari miwili ya mshazari, ile ya kutoka kona hadi kona. Mmoja ulikuwa umeuzidi mwenzake kwa inchi nne. Ghislaine akaguna. Bwawa la mstatili, mshazari mmoja uwe mrefu kuliko mwingine? Hata mtoto wa darasa la tano angecheka.

"Na huo mshazari mrefu, binti yangu, uandike sawa na mwenzake," alisema. "Mzee alijikwaa."

"Una uhakika, mama?"

"Mimi nilianza kupima vitu kabla wewe hujazaliwa."

Rosaire aliporudi, kichogo cheupe, Ghislaine hakumwambia kitu. Kwanza, mzee alikuwa na furaha. Pili, siri yenyewe ilikuwa tamu, na kila alipomsikia akijisifu kwa majirani kuhusu vipimo vyake, Ghislaine aligeuka kuangalia sufuria.

Turubai lilifika mwanzoni mwa Juni, ndani ya boksi zito kama mlevi aliyelala. Kufikia hapo walikuwa wamekwisha ondoa maji, wamelikatakata turubai la zamani vipande vipande, na Rosaire alikuwa ameulainisha mchanga wa chini kwa mwiko mpaka ukawa kama keki. Ghislaine aliupitia wote kwa viganja, akiwa na soksi miguuni, akitafuta vijiwe. Ijumaa jua likawaka vizuri, lakini redio ikasema mvua itaanza Jumamosi mchana na kunyesha siku tatu. Bwawa tupu na mvua ya siku tatu haviendi pamoja. Maji ya ardhini yangepanda na ile keki yote ingegeuka uji.

"Ni leo," alisema Rosaire.

Akaja Laurier, mdogo wake Ghislaine, mstaafu wa posta aliyesambaza barua miaka arobaini na umbea miaka arobaini na mitano. Alileta mashine mbili kubwa za kufyonza vumbi, mfuko wa jibini mbichi, na mdomo wake.

"Shemeji!" alipaaza sauti tangu getini. "Nimesikia unataka kulivalisha shimo gauni. Umenialika kwenye harusi au kwenye msiba?"

"Nimekualika kufanya kazi. Vua viatu."

"Nikivua viatu majirani watahama."

"Hata ukiwa umevivaa watahama," Rosaire akajibu, na siku ikawa imeanza vizuri.

Tatizo likawa hili: bwawa lina kona nne, na wao walikuwa watatu. Upande wa pili wa mierezi, Huguette alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa, akijifanya anasoma gazeti. Alikuwa ameushika ukurasa uleule tangu asubuhi.

"Mama Huguette," Ghislaine akamwita, "una mikono?"

"Nyonga ndiyo mpya, mwenzangu. Mikono ni ya zamani lakini inafanya kazi." Alikuwa amefika kabla hajamaliza sentensi. Miaka sabini na sita, kofia ya majani kichwani.

Walilikunjua turubai taratibu, likiwa la moto kwa jua na laini kama ngozi ya maziwa. Kila mmoja akashika kona yake. Pindo nene la turubai linatakiwa kuingizwa kwenye reli nyembamba ya alumini inayozunguka bwawa, na likiingia linalia: ta! Wakaanza upande wa kina kifupi. Ta, ta, ta. Rosaire alikuwa anapiga mluzi. Upande wa kushoto, ta, ta. Upande wa kulia, ta, ta, ta. Ghislaine akaanza kuamini kwamba watakula mchana kwa wakati.

Ilipofika kona ya kina kirefu, ile iliyo karibu na mierezi, turubai likagoma.

Lilikuwa pungufu. Si kwa wingi, upana wa kiganja tu, lakini kiganja hicho kilikuwa kama maili. Wakalivuta. Likaja nusu, halafu nyuma yao futi sita za pindo zikachomoka kwenye reli, ta-ta-ta-ta, kama vifungo vya shati la mtu mnene. Wakarudishia. Wakavuta tena. Likachomoka upande mwingine, likampiga Laurier kwenye goti.

"Shemeji," alisema Laurier akijisugua, "nikuulize kwa heshima. Ulipimia nini? Mkanda wa suruali?"

"Nilipima vizuri."

"Mkanda wa zamani au wa sasa? Maana tofauti ndiyo hiyo hapo, inchi nne kamili."

Huguette alicheka, kisha akajizuia. Rosaire aliiangalia ile kona, akaliangalia turubai, akaiangalia tena ile kona. Polepole akaketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani ya shimo, na mabega yaliyokuwa juu wiki tatu nzima yakashuka.

"Nilipima mara tatu hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Mara tatu, Ghislaine. Labda nimezeeka. Ungeita mafundi ungekuwa unaogelea saa hizi."

Ghislaine alikuwa amekwisha kuelewa, tangu pindo lilipochomoka mara ya kwanza. Inchi nne. Aliangalia miguu ya mumewe, soksi zake za kijivu zenye tundu kwenye dole gumba, na akajua kwamba kunyamaza kungekuwa rahisi mno.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipiga simu dukani. Nilitaka kuuliza turubai litafika lini." Huo ulikuwa uongo mdogo, na aliupitisha haraka. "Nikaona mshazari mmoja umezidi mwingine. Nikafikiri umekosea. Nikawaambia wailinganishe."

Hata Laurier alifunga mdomo, jambo ambalo Ghislaine hakukumbuka kuliona tangu alipong'olewa magego.

"Hukupima?" Rosaire aliuliza.

"Sikupima."

"Wewe? Hukupima?"

"Nimesema sikupima! Bwawa ni mstatili, nilijuaje kwamba limepinda?"

"Limepinda!" Rosaire alisimama. "Hii kona ilisukumwa na barafu, mwaka ule wa theluji ya mpaka madirishani! Nilikwambia!"

"Uliniambia lini?"

"Nilikwambia!"

"Uliniambia ukitazama hoki kwenye televisheni, Rosaire. Maneno yako ya wakati wa hoki huwa nayaacha yapite."

Kisha kitu kikaanza kumtokea Rosaire usoni. Kilianzia kwenye kope, kikashuka mashavuni, na mabega yakapanda tena yenyewe. Alimgeukia Laurier.

"Mkanda wa suruali, siyo?"

"Shemeji, mimi nilikuwa natania tu."

"Rudia, nikusikie. Nani alipima vizuri?"

"Wewe, shemeji."

"Na nani hakupima?"

"Dada yangu, aliyenilea, fahari ya ukoo," alisema Laurier kwa huzuni, na Huguette safari hii hakujizuia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka shimoni.

Futi sitini na moja zilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Ghislaine. Zingemrudishia heshima yake papo hapo. Alimtazama mumewe aliyesimama pale kifua mbele, soksi zimetoboka, akazimeza zile futi.

"Mkimaliza kunicheka," alisema, "tuna mvua kesho. Nani ana birika?"

Maana plastiki aliijua. Miaka mingi alikuwa ameshona viti vya boti, na alijua kwamba plastiki ya baridi ni mkaidi lakini ukiipasha joto inakubali kama unga uliokandwa. Akawapanga kama wasichana wa kiwandani. Huguette alileta birika lake na mashine yake ya kukaushia nywele, waya mrefu ukapitishwa katikati ya mierezi. Ghislaine akamimina maji ya moto kwenye pindo lililopoa kivulini mwa mierezi, polepole, akirudi na kurudi, kisha akalipuliza kwa mashine. Rosaire alilala kifudifudi ukingoni, mikono ndani, na Laurier akamshika vifundo vya miguu.

"Ukiniachia, Laurier, nitakutokea ndotoni."

"Shemeji, kwa uzito huu tutaenda wote."

"Msivute bado," alisema Ghislaine. Aligusa pindo kwa kidole. "Bado. Bado. Haya, sasa, kwa upole, kama unamvisha mtoto."

Rosaire akavuta. Pindo likarefuka kidogo, likasita, likarefuka tena. Ghislaine akalisukuma kwa vidole gumba vyote viwili mpaka kucha zikawa nyeupe.

Ta.

Walisikiliza kama kuna kitakachochomoka mahali pengine. Hakikuchomoka kitu.

Mengine yalienda. Mipira ya zile mashine mbili ilipenyezwa nyuma ya turubai ili zifyonze hewa, kila upenyo ukazibwa kwa utepe wa gundi, na Laurier akaziwasha. Turubai likavuta pumzi, likajinyoosha, likajibandika ukutani mikunjo ikifutika mmoja baada ya mwingine. Ukabaki mkunjo mmoja tu, chini kwenye kina. Ghislaine akashuka pekupeku kwa ngazi na kuanza kuusukuma kwa nyayo kuelekea ukutani, hatua fupifupi, mikono kiunoni. Akaokota na kofia ya Huguette, akaivaa.

"Angalia fahari ya ukoo inavyocheza!" Laurier alipaaza sauti.

Hapohapo Rosaire akafungulia mpira wa maji. Maji ya bomba ya Joliette mwezi wa Juni bado yanakumbuka Januari. Yalipomfikia vidoleni, Ghislaine alipiga ukelele uliomwamsha paka wa upande wa pili.

Mashine zilinguruma hadi Jumamosi adhuhuri. Huguette alisema hazikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa alivua kifaa chake cha masikioni. Rosaire naye hakunyamaza. Alimsimulia mwenye kuleta gazeti, akamsimulia binti yao Sylvie kwa simu, akamsimulia padri, na kila aliposimulia zile inchi zilizidi, zikawa sita, zikawa nane. Ghislaine alimpakulia nyama yake ya kusaga na mahindi na viazi vya kuponda, akasema, "Kula, fundi," na kuvumilia.

Jumapili maji yalikaribia tundu ambalo maji yaliyochujwa hurudia bwawani. Tundu lilikuwa limefunikwa na turubai jipya, na lilipaswa kufunguliwa kwa wembe. Ukikata vibaya hapo, hakuna birika litakalokusaidia. Mvua ilikuwa inanyesha. Huguette aliwashikia mwavuli. Rosaire, akiwa majini hadi kiunoni, alipapasa turubai mpaka akalipata duara la tundu, akaegemeza wembe. Akautoa. Akauweka tena.

"Njoo wewe," alisema hatimaye, bila kugeuka.

"Mimi? Mtu asiyepima?"

"Ghislaine, usianze. Kukata ni kazi yako. Njoo."

Akashuka na nguo zake, akishika pumzi kwa baridi. Rosaire akaweka vidole vyake vinene kuzunguka tundu, kumwonyesha. Ghislaine akapima kwa gumba, akapima tena kwa kidole cha kati, mara ya tatu akapima kwa macho tu. Kisha akakata, kwa mzunguko mmoja usiokatika, na kipande kidogo cha bluu kikabaki kiganjani mwake.

Halikuvuja hata tone.