Vilindo Vilivyofudikizwa

Kaka yangu Kefa alinipenda. Nalisema hilo mapema, kwa sababu nikishaanza kumsimulia hasira hunipanda na huenda nikalisahau. Ndiye aliyenibeba mgongoni mwaka wa njaa tulipohama Kibakwe kuja Hombolo, nami sikuwa mwepesi.

Alipokua alipata kazi bomani Dodoma, ya kumbebea Mdachi mmoja sanduku la picha. Mdachi akachoka kuinama chini ya kitambaa cheusi kwenye jua letu, akamfundisha yeye kupiga. Tangu hapo Kefa akija nyumbani huzungumza habari za mwanga kana kwamba sisi wengine tulizaliwa gizani. Tulimtania, lakini tulijivuna naye.

Mwaka ule Wadachi walikuwa wakipigana na Waingereza. Mume wangu Sostenes alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya askari. Nilibaki na watoto na vilindo viwili vya uwele, vile vyombo virefu vya magome ya mti tunavyohifadhia nafaka, pamoja na masuke ya mbegu niliyoyaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Kati ya watoto wangu na njaa hapakuwa na kitu kingine.

"Dada," Kefa akasema, "nataka kupiga picha ya mavuno."

Kwetu nafaka ya mtu haitazamwi na mgeni. Mgeni hula akashiba, haulizi chakula kilitoka wapi. Angekuja mtu mwingine na ombi hilo ningemfungulia mbwa. Lakini huyu tulinyonya ziwa moja, basi nikavitoa vilindo uani kwa mikono yangu mwenyewe.

Akavitazama, akakunja uso. "Viwili vinaonekana vinyonge. Kaazime kwa majirani."

Yudith, jirani yangu, akaleta vyake vitupu, na wanawake wengine wakaleta vyao. Kefa akavifudikiza vyao vyote, kitako juu, kisha akachota uwele wangu na kuumwaga kidogo kidogo juu ya kila kitako, mpaka kila kilindo kikaonekana kimefurika.

"Sasa huu si uongo?" Yudith akauliza, huku anacheka.

"Tunapamba tu. Hata bibi harusi hupakwa mafuta."

Tukacheka sote. Baada ya ukame tuliouona, nani asingependa kuonekana ana chakula?

Hakupiga mchana. Alisema jua la utosini husawazisha kila kitu. Alisubiri mpaka likaegemea ubavuni na kila punje ikapata kivuli chake. Akaliweka sanduku juu ya mawe, karibu kabisa na ardhi, naye akalala kifudifudi vumbini. Akamsimamisha Yudith mbali, nyuma ya vilindo, ili yeye aonekane mdogo navyo vionekane vikubwa. Mbuzi wangu aliyekonda akafukuzwa asiharibu neema. Kisha akaniita nichungulie kwenye kioo.

Niliuona ua wangu umepinduka kichwa chini, na hata hivyo nilishtuka. Vumbi nililolifagia kila asubuhi bila kulitazama lilikuwa linang'aa. Uwele ulikuwa vilima. Nilijiona tajiri, na siku ile nilimpenda kaka yangu kuliko siku zote.

Kabla mvua hazijaanza, askari wakaja. Mbele yao alikuwa Mdachi anayekusanya chakula cha jeshi, ile picha mkononi mwake. Nyuma yao alikuja Kefa, amevaa koti jipya la kaki.

"Hapa kuna nafaka nyingi," Mdachi akasema kwa Kiswahili chake kikavu. "Leteni."

Tukaleta vilindo. Vyangu vilikuwa na uwele, vingine vilitoa mwangwi vilipogongwa. Mdachi akatazama picha, akatutazama sisi.

Nikapiga magoti. "Bwana, vilifudikizwa! Uwele ulikuwa juu juu tu. Muulize kaka yangu, yeye ndiye aliyepanga."

Akamgeukia Kefa. "Ulipopiga, vilikuwa vimejaa?"

Kefa hakunitazama. Aliitazama picha, na naapa niliona kwamba bado anaipenda. Labda aliogopa kiboko. Labda aliogopa kuvuliwa koti na kurudishwa kwenye jembe. Nimemtafutia sababu nyingi tangu siku ile, na hakuna hata moja iliyonitosha.

"Vilikuwa vimejaa, bwana."

Ningepigwa na askari ningejua pa kushika.

"Basi mmeficha," Mdachi akasema.

Askari wakapekua nyumba zote. Kwangu walikohoa tu, maana tembe langu lina giza na moshi, na mgeni akiingia hutazama anapokanyaga. Ndipo Kefa, aliyesimama mlangoni, akainua macho juu ya jiko. Kidogo tu. Mdachi akayafuata macho yake.

Wakaondoka na vilindo vyangu viwili na mbegu pia. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo hiyo nilikuwa nimeivaa kwa maringo.

Mvua zilikuja na hatukuwa na cha kupanda. Tulikula ubuyu na majani ya porini. Yudith aliwachukua wanawe akaenda kwa ndugu zake, hakuniaga. Mtoto wangu wa mwisho, Anyesi, nilimzika kabla masuke ya watu wengine hayajatoka.

Kefa alikuja jioni moja, miguu imejaa vumbi la njia. Hakutaja Anyesi. Alitoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa ile picha.

"Nimekuletea, dada. Ua wako umetoka vizuri sana," akasema. Kisha, kwa sauti ya utotoni, "Nina njaa."

Kaka hafukuzwi mlangoni bila chakula. Nilimwekea kigoda uani, upande ambao jua lilikuwa linashukia. Nikamnawisha mikono. Nikaingia ndani, nikachukua bakuli la mti, nikalifudikiza, na juu ya kitako chake nikamwaga pumba kidogo, nikazichonga vizuri kwa vidole. Nikaliweka mbele yake.

Mwanga ulilipiga kwa ubavu. Kila chembe ilikuwa na kivuli chake.

Akanyoosha mkono. Vidole vyake vikagonga mti, vikabaki hapo hapo.

"Limejaa, kaka," nikamwambia. "Kula."