Hakuna Aliyepinga

Ardhi ya Kolopae ilikuwa ya Nesta Havimana. Haikuwa ya kaka yake, wala ya mchungaji, wala ya serikali iliyoko Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon. Kule ardhi hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na kazi ya kaka ni kuisemea tu mbele za watu. Kwa hiyo siku ya kikao cha kampuni ya magogo Nesta alikaa mkekani na wanawake wenzake, na kaka yake, Ellison, akasimama mbele. Alikuwa amevaa viatu vipya, na hakuna aliyeuliza amevipata wapi.

"Ukoo umekubali," Ellison akasema. "Msitu wa upande wa kijito ukatwe."

Nesta akageuka, akampa mgongo. Hiyo ndiyo hapana ya mwenye ardhi. Dada hambishii kaka yake hadharani; humgeuzia mgongo, na kaka hufunga mdomo. Mama yake aliwahi kugeuka hivyo, wapimaji wa ardhi wakakusanya vyombo vyao siku ileile. Wanawake wote wakageuka pamoja na Nesta.

Ellison aliwaona. Akaendelea kusema.

Ofisa wa ardhi, Timoteo Kari, hakuwa mgeni wa kusingizia ujinga. Alizaliwa kijiji cha pili tu, na mama yake mwenyewe alishawahi kugeuka. Akauliza mara tatu kama kuna mwenye pingamizi, macho yapo kwenye karatasi. Kisha akaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Mama Mereti, mama mdogo wa Nesta, alimfuata hadi nje.

"We Timoteo, umepofuka lini? Migongo thelathini hujaiona?"

"Mama, fomu haina mahali pa kuandika migongo," akajibu, akacheka peke yake.

Mwaka haukuisha kijito kikawa tope. Magimbi yakaoza shambani, na watoto wakaanza kuhara. Nesta alimchukia kaka yake, lakini alijichukia mwenyewe zaidi. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa na mdomo siku ile, akautunza kwa heshima ya watu wasio na heshima.

Kampuni iliporudi kutaka kilima alikozikwa mama yake, hakugeuka. Alisimama. Wazee wa kike wakajifunika nyuso kwa aibu, maana jambo hilo hawajapata kuliona.

"Mimi Nesta, binti wa Dorin, ndiye mwenye ardhi hii. Nakataa! Kilima hakiguswi. Timoteo, andika hilo. Usiniambie hujasikia."

Timoteo akaweka kalamu chini. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa kumtapisha mtu.

"Dada Nesta, pole, lakini tusivunje mila. Hapa kwenu mwanamke ana kaka wa kumsemea, au siyo?" Akamgeukia Ellison. "Haya, mzee, mnasemaje?"

Nesta alibaki amesimama, akimtazama kaka yake usoni kwa mara ya kwanza mbele za watu. Ellison alivitazama viatu vyake, ambavyo siku hizi vilikuwa na tope la kijito.

"Ukoo umekubali," akasema.