Mazoezi ya Ijumaa

Mfua mashuka alikuwa anakunja shuka huku vidole vya mkono wake wa kushoto vikitembea vyenyewe kwenye upindo, vikipanda na kushuka kama mtu anayetafuta kiroboto. Wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walikwisha kumzoea. Walimwita Mama Chelo, wengine bila kujua chelo ni mnyama gani, na leo walimtania tangu asubuhi kwa sababu tangazo lililobandikwa getini lilisema jioni kutakuwa na muziki wa chumbani kwenye ukumbi wa shule. Kama ni wa chumbani, waliuliza, sisi tunaalikwa kuchungulia dirishani?

Alicheka nao, akawaeleza kuwa ni fidla mbili, viola moja inayozidi fidla kidogo, na chelo lake, kubwa kuliko vyote, basi, muziki uliotungwa zamani upigwe sebuleni kwa watu wachache. Na kiingilio si pesa, ni chakula: unga, mchele, maharage, mtu alichojaliwa. Hapo utani ulipoa. Mshahara ulikuwa umechelewa tena, bei ya unga ilikuwa imepanda kama inayokimbizwa na mbwa, na stoo ya chakula ya mtaa, ile inayogawa Jumamosi nyuma ya shule, ilikuwa imebaki rafu na mende. Mende wenyewe walikuwa wamekonda.

Kesho ndiyo Jumamosi. Mama Chelo hakusema kwamba naye hupanga foleni pale, na wenzake hawakuhitaji kuambiwa, maana nusu yao walikuwa mbele yake au nyuma yake. Nyumbani alikuwa na mama mkwe, watoto, na debe la unga ambalo siku hizi lilikuwa likivuma sana. Debe likivuma, kila mtu anajua lina nini ndani.

Alipofika ukumbini na chelo mgongoni, mikono bado inanuka dawa ya kufulia, alikuta viti vimejaa na watu wengine wamesimama ukutani. Kila mmoja amepakata pakiti yake. Wapigaji wenzake walikwisha fika. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu aliyewafundisha wote hapo hapo shuleni enzi somo la muziki lilipokuwa bado na mwalimu. Kulikuwa na Kinyozi, aliyefunga duka mapema na kuacha mteja amenyolewa upande mmoja, au hivyo ndivyo alivyojisifu. Na kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi bomba, mpiga viola, ambaye hakuwahi kumwachia nafasi ya kupumua.

"Shemeji, leo ukikosea pale kwako, mimi nahama ukoo," alimwambia.

"Hama. Utatupunguzia mdomo wa kulisha."

Pale kwake ni mwisho wa wimbo wa mwisho, ambapo wengine wananyamaza na chelo linapanda peke yake, ngazi juu ya ngazi. Hakuwahi kupapita salama. Na Mwalimu alikuwa na desturi yake, aliyowazoesha tangu wangali wanafunzi: mwenye kukosea husema mwenyewe "tena", wote husimama papo hapo, hurudi nyuma, na hakuna anayeulizwa kosa lilikuwa nini. Neno hilo Mama Chelo alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina la mumewe.

Walikuwa wanakaza nyuzi afisa wa burudani kutoka ofisi za mji alipoingia, suti imekaa vizuri, kijitabu cha kanuni kwapani. Akauliza kibali kiko wapi. Mwalimu akaeleza kwamba maombi yalipelekwa zamani, na kwamba amezungushwa kutoka dirisha hili hadi dirisha lile mpaka walinzi wanamwita babu. Afisa akakubali, tena kwa upole. Faili ipo. Anayesaini yuko semina. Waahirishe, waje Jumatatu kuulizia. Akufukuzaye hakuambii toka.

Mama Chelo alitazama zile pakiti mapajani mwa watu. Mpaka Jumatatu zingekuwa zimerudi majumbani na kuliwa, na foleni ya kesho ingesimama mbele ya rafu tupu, yeye akiwemo. Hasira ilimpanda, lakini aliimeza, akatumia sauti anayoitumia kwa wasimamizi wa hospitali.

"Samahani, mkubwa. Na mazoezi nayo yanataka kibali?"

Afisa alifungua kijitabu, akalamba kidole, akapekua. "Mazoezi hayahitaji."

"Basi sisi tunafanya mazoezi."

"Na hawa wote?"

"Hawa majirani," alidakia shemeji. "Wametoka sokoni, wamechoka, wamekaa."

Afisa alivuta kiti akakaa mstari wa mbele, akatoa masharti yake. Hakuna kutambulisha wapigaji. Hakuna makofi. Na mazoezi anayoyajua yeye, watu hukosea wakarudia. Akisikia wimbo umetoka mwanzo hadi mwisho, hayo ni maonyesho, atafunga ukumbi na vyakula vyote vitakwenda ofisini kuwa vielelezo. Watu wakaguna. Wanavijua vielelezo vya aina hiyo na sufuria vinamoishia.

Wakaanza. Kinyozi alikosea wa kwanza, na si kwa makusudi, maskini. "Tena," akasema. Wakarudi. Kisha shemeji akakosea kwa makusudi kabisa, akasema "tena" huku ameinua kidole kama mwanafunzi anayeomba kwenda nje, na ukumbi ukacheka. Baada ya muda watu walikwisha kuuelewa mchezo. Wapigaji wakikaribia mwisho wa wimbo bila kosa, utasikia mtu nyuma anakohoa kwa hofu, mwingine ananong'ona, "Tena, jamani, tena." Walirudia na kurudia, na kila wakirudia, nyimbo zile ngeni ziliwaingia watu, mpaka wamama wakawa wanatikisa vichwa kabla fidla haijafika. Mama Chelo hakuwahi kuona mazoezi ya raha namna ile. Mikono yake ilisahau kwamba ilishinda kwenye maji.

Ndipo wakafika wimbo wa mwisho, na mwisho wa wimbo wa mwisho. Wenzake wakanyamaza. Chelo likaanza kupanda, naye akangoja kosa lake, kosa aliloishi nalo miaka yote, ambalo leo lilikuwa linatakiwa kuliko siku nyingine yoyote. Halikuja. Vidole vilikanyaga ngazi moja, ya pili, vikafika juu kabisa, na sauti ikatoka safi, nene, inajaa ukumbi. Furaha ilimshika akasahau afisa, akasahau unga. Mwalimu alikuwa anatabasamu machozi yakimtoka. Wote wanne wakainua pinde kwa nota ya mwisho.

Afisa naye alikuwa amesimama, anafunga kijitabu.

"Tena," alisema Mama Chelo.

Hakuwa amekosea, na wenzake walijua. Lakini desturi ni desturi. Pinde tatu zikasimama hewani, na nota ya mwisho ikabaki haijapigwa. Afisa akabaki kasimama, hajui aketi au afunge.

Kutoka mstari wa katikati, mama mkwe wa Mama Chelo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiimba hata kanisani, akaivumisha ile nota kwa pua. Jirani yake akaipokea. Ikapita kiti kwa kiti mpaka ukuta wa nyuma, ukumbi mzima midomo imefungwa, nota moja, mahali pake hasa. Afisa akafungua tena kijitabu. Kuvumisha kwa pua hakukuwemo.

Makofi yalikatazwa, kwa hiyo watu walitikisa pakiti zao. Maharage makavu yakalia, mchele ukalia, hata mwenye chumvi alijitahidi. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, wakimuaga afisa kwa heshima, na kila mmoja akasahau mzigo wake juu ya kiti. Afisa alisimama mlangoni akiangalia usahaulifu ule, akashindwa kuupatia kifungu.

Kesho yake rafu zilijaa. Mama Chelo alipanga foleni, na aliyekuwa mbele yake aligeuka akamvumishia ile nota, wakacheka mpaka wakaambiwa wasogee.

Kibali hakijatoka hadi leo. Anayesaini bado yuko semina. Mshahara wa hospitali nao unakuja unapojisikia. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanafanya mazoezi. Nota ya mwisho hawajaipiga, na ukumbi haujawahi kuikosa.